Msumeno wa mbao ukikutana na aluminiumu

Kama wewe ni fundi, ama mtoto wako anajifunza useremala, ama kijana wako ameacha kuchimba na anatafuta kazi ya mikono, nakuomba usome ukurasa huu mpaka mwisho. Na kama wewe ni mama wa nyumbani na huna habari na misumeno, usome vile vile. Kwani siku moja utapeleka kitu kwa fundi na utamwambia: «Fanya haraka.» Neno hilo ni dogo, lakini linaumiza watu.

Mimi ni seremala hapa Nyangwe, pembeni ya mto Lualaba. Kazi yangu ni mbao: milango, vitanda, meza, viti, na wakati mwingine sanduku la mwisho la mtu. Msumeno wangu wa umeme unatembea kwa grupu ya esanse. Lakini miaka hii watu wananiletea kitu kingine, aluminiumu. Mmoja analeta vyuma virefu vya kushikia paneli za jua juu ya bati. Mwingine analeta vyuma vya dirisha vilivyosafiri mbali, juu ya lori na kisha juu ya pikipiki. Mwingine iko na ngazi ya zamani, anataka niikate iwe mbili. Na wote wananiuliza swali moja: «Papa fundi, mashini yako inakata mbao ngumu kabisa. Hii kitu nyepesi itaishinda?»

Hapana, haitaishinda. Msumeno wa mbao unaweza kukata aluminiumu, tena kuikata vizuri. Shida haiko kwa mashini. Shida iko kwa mazoea ya mikono yetu, kwa sababu mikono hiyo ilifundishwa na mbao.

CHUMA KISICHO NA BABU

Nyangwe ni soko la zamani. Mwaka 1871, wakati David Livingstone alifika hapa, alikuta watu wengi sana sokoni, zaidi wanawake, wakiuza samaki, mihogo, kuku na vyungu. Mwaka ule soko letu liliingia katika vitabu, kwa sifa zake na kwa machozi yake. Watu wa wakati ule walijua mbao: walichonga mitumbwi, vinu na viti. Walijua na chuma: kulikuwa majembe, visu na mikuki. Lakini aluminiumu haikuwako sokoni.

Hata Ulaya na Marekani ilikuwa bado kitu cha bei kubwa. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, waliweka juu kabisa kofia ndogo ya aluminiumu, kama vile mtu angeweka kipande cha fedha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1886, vijana wawili ambao hawakufanya kazi pamoja, Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, walipata kila mmoja namna ya kuitenga kwa nguvu za umeme. Toka pale bei ilianguka, na leo aluminiumu iko katika sufuria, katika ngazi, katika madirisha.

Nakuambia habari hii kusudi uelewe jambo moja. Namna ya kushika mbao tuliipata kwa wazee wetu. Mtoto anaona baba anavyopiga randa, naye anafanya vile vile. Kwetu aluminiumu haina babu. Ilifika bila mwalimu. Basi fundi anaishika kama mbao, kwani ndiyo mikono aliyo nayo. Na pale ndipo hatari inaanzia.

SABABU GANI SI KAMA MBAO?

Mbao ni mwalimu mpole. Ukisukuma vibaya, inatoa moshi, inanuka, inaungua kidogo, msumeno unalia. Unapata nafasi ya kujirudi. Aluminiumu haina onyo refu. Ukiipotosha kidogo ndani ya njia ya diski, jino linaikamata, na kipande kinaruka ama mashini inarudi kwako kwa nguvu.

Sababu ni hii. Aluminiumu ni laini, na inashika joto upesi. Chuma cha kawaida kinayeyuka kwa digri 1.538, lakini aluminiumu inayeyuka kwa digri 660 tu. Kabla ya kuyeyuka inakuwa laini na inanata. Inagandama kwa meno ya diski, na jino lililofunikwa halikati tena, linasukuma na kuvuta. Fundi anaona kazi imekuwa nzito, anaongeza nguvu ya mkono. Kumbe hapo ndipo angepaswa kusimama.

Sasa tufanye hesabu, vijana wa shule watanisaidia. Chukua diski ya milimita 190 inayozunguka mara 5.000 kwa dakika. Mzunguko mmoja wa diski ile ni karibu santimeta 60. Zidisha kwa 5.000, utapata karibu mita 3.000 kwa dakika, ni kusema mita 50 kwa sekunde. Kwa saa moja ni kilometa 180. Hakuna pikipiki inayokwenda hivyo kwenye barabara ya Kasongo. Kipande kikirushwa na jino lenye mwendo ule, jicho halina wakati wa kufumba.

Kuna tena neno ambalo mafundi wengi hawalifikiri. Unga wa mbao haupitishi umeme, lakini chenga za aluminiumu zinaupitisha. Zikiingia kwa matundu ya kupozea mota, zinaweza kuunganisha nyaya na kuunguza mashini, ama kumpiga fundi kwa umeme. Msumeno uliokata mbao miaka mitano bila shida unaweza kufa kwa siku moja ya aluminiumu kama hakuna anayeusafisha.

MENO YANAYOTOKA KWETU

Diski ya kukata aluminiumu inafaa iwe na meno yenye ncha za karbidi. Karbidi inatengenezwa kwa wolframu. Ninyi familia za wachimbaji mnaijua: ni lile jiwe jeusi zito, ndugu wa kasiterite, linalochimbwa huku Maniema na Kivu. Metali yake haiyeyuki mpaka ipite digri 3.400. Pengine ncha ya diski unayoinunua kwa bei kali ilianza safari kwa jembe la ndugu yako.

Lakini karbidi peke yake haitoshi. Diski ya kupasulia mbao iko na meno machache, labda 24, makubwa, yameinamia mbele kama ndoano. Hiyo inauma aluminiumu kwa pupa. Unataka diski ya meno mengi na madogo: kwa milimita 190 tafuta meno 48 mpaka 60, na kwa milimita 250 tafuta karibu 80. Nzuri zaidi ni ile ambayo meno yake hayakuinamia mbele, yanalalia nyuma kidogo. Na angalia meno kwa karibu: jino moja limekatwa pembe zake mbili, linalofuata liko bapa, vile mpaka mwisho. Hilo la kwanza linafungua njia, la pili linaisafisha.

Soma tena namba iliyoandikwa juu ya diski. Inaonyesha mizunguko ya mwisho ambayo diski inaweza kuvumilia. Kama mashini yako inazunguka zaidi ya namba ile, usiifunge.

Na ile mashini ya kukatia chuma kwa diski ya jiwe? Wengi wanaikimbilia kwa sababu kila fundi wa kuchomelea yuko nayo. Diski iliyofanywa kwa chuma haifai kwa aluminiumu. Matundu yake madogo yanajaa metali, inashika moto, na inaweza kupasuka ikiwa inazunguka. Tena inatoa unga mwembamba sana, na unga wa aluminiumu ukiwa mwembamba vile unaweza kuwaka moto.

MTEJA WA SAA KUMI NA MOJA

Nitakuelezea neno moja. Siku moja jioni kijana mmoja muuza simu alifika kwangu na vyuma vya kabati la vioo. Alitaka vikatwe usiku ule, kusudi afungue duka asubuhi. Jua lilikuwa linashuka. Nilimwambia arudi kesho.

«Papa, ni kukata mara nane tu,» alisema. «Dakika kumi.»

«Mwanangu, kukata ni dakika kumi. Kubana ni nusu saa. Na sina mwangaza wa kuona alama.»

«Basi nitapeleka kwa mwingine.»

«Peleka. Lakini mwambie naye avae miwani.»

Alikaa kimya. Kisha aliuliza miwani ni ya nini, na tuliketi kwenye benchi, nikamwonyesha kipande cha aluminiumu kilichojipanda ndani ya mlango wa atelie, kwa urefu wa uso wa mtu. Kilitoka kwa kipande kidogo ambacho hakikubanwa. Aliacha vyuma vyake kwangu, akaenda. Asubuhi tulikata vyote nane, na duka lilifunguliwa mchana.

Kwa nini nilikubali kupoteza mteja? Kwa sababu sifanyi kazi peke yangu. Niko na vijana wawili wanaojifunza. Mama wa mmoja, siku alipomleta, aliniambia hivi: «Papa, huyu mtoto nakupatia na vidole kumi. Siku atamaliza kujifunza nitavihesabu mbele yako.» Alicheka, nami nilicheka, lakini tulijua sisi wote kwamba si mchezo. Mtoto yule aliacha kuchimba dhahabu upande wa Salamabila kwa sababu mama aliogopa shimo. Kama ningemtoa katika shimo kusudi apoteze jicho kwenye meza yangu, ningekuwa nimemsaidia nini?

Kwa mtu wa mikono, vidole ni shamba. Jicho ni shamba. Ukiuza shamba la familia kwa bei ya vyuma nane, umefanya biashara gani?

NAMNA YA KUFANYA

Haya ndiyo tunayofuata kwetu. Unaweza kuyanakili na kuyabandika ukutani.

1. Kwanza kagua chuma. Toa skrubu, misumari na ribiti zote. Diski ya aluminiumu ikigonga chuma kigumu, ncha ya karbidi inavunjika na kuruka, na cheche zinaweza kuangukia unga wa mbao. Kwa hiyo fagia atelie mbele ya kuanza.

2. Kama ni paneli ya jua, usikate kamwe fremu yake. Kioo chake kitapasuka chote, na tena paneli ikiwa juani inatoa umeme hata kama haikuunganishwa na kitu. Kata vyuma vya kuishikia tu, paneli ikiwa mbali.

3. Vaa miwani ya kufunga pande zote, na ukipata ngao ya uso, vaa juu yake. Ziba masikio. Toa pete, saa na mkufu. Funga mikono ya shati. Usivae glavu wakati diski inazunguka, kwani jino likishika uzi wa glavu linavuta mkono wote. Glavu ni za kubebea vyuma, kwa sababu makali yake mapya yanakata kama wembe.

4. Bana chuma pande zote mbili, juu ya mbao pana. Mkono si kibano, hata mkono wa mtu mwenye nguvu. Kama ni bomba ama chuma chenye uwazi, ingiza kipande cha mbao ndani yake kusudi kisibonyee. Chuma kirefu kiegemeze mwisho wake, kisianguke na kubana diski.

5. Weka chini mbao ya kutupa, na ushushe diski ipite chini ya chuma kwa nusu santimeta tu. Usikate hewani.

6. Pakaa nta ya mshumaa kwenye meno ya diski, mashini ikiwa imetolewa kwa umeme. Pakaa tena kila baada ya mikato michache. Nta inazuia aluminiumu isigandame. Mafuta ya kumwagika si mazuri: yanalowesha unga wa mbao na kufanya sakafu iteleze.

7. Acha diski ifikie mwendo wake wote mbele ya kugusa chuma. Sukuma polepole na kwa mkono mmoja wa mwendo, bila kusimama katikati na bila kupotosha. Ukimaliza, zima, ngoja diski isimame kabisa, ndipo uinue ama utoe kipande.

8. Usisimame nyuma ya diski, kwenye mstari wake. Simama pembeni. Mashini ikirudi, ipite, isikukute.

9. Kipande kidogo sana usikikate kwa mashini. Chukua msumeno wa mkono wa kukatia chuma, wenye meno madogo. Ni kazi ya jasho, lakini aluminiumu ni laini, na dakika chache zinatosha.

10. Grupu ikae nje, kwa sababu moshi wake unaua ndani ya nyumba iliyofungwa. Na kama grupu ni dogo kwa mashini, diski itapunguza mwendo ndani ya chuma na itakamata. Bora kungojea grupu lenye nguvu kuliko kulazimisha.

11. Baada ya kazi, toa mashini kwa umeme, safisha matundu ya mota kwa brashi, fungua kifuniko utoe chenga. Chenga zifagiwe, zisishikwe kwa vidole, wala zisipulizwe kwa mdomo karibu na macho. Usiziweke pamoja na unga wa mbao unaopelekwa kuwashia moto jikoni.

Na kifuniko cha diski kisitolewe, hata kisifungwe kwa kamba kusudi kibaki wazi. Nimeona vijana wanafanya hivi juu ya kuona alama vizuri zaidi. Chora alama kubwa, na ubaki na kifuniko.

KAMA AKSIDA IMEFIKA

Chenga ikiingia jichoni, usisugue. Kama inaelea, osha jicho kwa maji safi mengi. Kama imejichoma, usiitoe, usitie majani wala dawa ya kienyeji wala maziwa. Funika bila kukandamiza, tena funika macho yote mawili, kwa sababu jicho moja likitembea lingine linalifuata. Peleka mgonjwa hospitali siku ile ile. Jicho likiwa jekundu leo linaweza kuwa limekufa kesho.

Kidole kikikatwa, kandamiza kwa kitambaa safi na uinue mkono juu ya moyo. Usiache kukandamiza kusudi uangalie. Na kwa kila jeraha la chuma uliza habari ya chanjo ya pepopunda.

Moto ukiwaka kwa unga wa aluminiumu, usimwage maji. Aluminiumu inayowaka inavunja maji na kutoa hewa inayowaka zaidi. Tupa mchanga mkavu, polepole, usipeperushe unga. Kwa hiyo ndoo ya mchanga mkavu ikae mlangoni. Mchanga wa Lualaba haununuliwi.

KWA VIJANA, WAZAZI NA WATEJA

Wewe kijana, usione haya kuvaa miwani wakati wenzako wanacheka. Uliza mafundi wazee wenye jicho moja kama kicheko kile kingali kinawafurahisha. Kukataa kazi kwa sababu huna diski inayofaa si uoga. Mwambie mteja bei ya diski, mkate bei pamoja, na diski itabaki kwako kwa kazi zinazofuata.

Wewe mzazi, mbele ya kumpeleka mtoto kwa fundi, ingia ndani ya atelie. Angalia kama misumeno iko na vifuniko vyake. Angalia kama kuna miwani imetundikwa, na kama iko na mikwaruzo. Miwani isiyo na mkwaruzo hata mmoja haivaliwi. Na watoto wadogo wasichezee mlangoni wakati mashini inalia, kwani chenga haichagui.

Nawe mteja, ukileta aluminiumu yako, ileta asubuhi. Usisimame juu ya fundi ukihesabu dakika. Ukimwona anabana, anapakaa nta, anapima tena, usifikiri anapoteza wakati wako. Ile ndiyo kazi uliyomlipia. Kukata ni mwisho wake tu.

Aluminiumu imeshafika, haitarudi. Itakuwa katika nyumba zetu, katika maduka, juu ya mabati yetu pamoja na taa za jua. Watoto wanaoangalia leo pembeni ya meza zetu ndio watakaoifanyia kazi. Waone tunavyobana, tunavyongojea diski isimame. Hivyo aluminiumu nayo itapata babu.